Huyu nondo mdogo mwenye matamvua ya shaba ni nani? Nimemkuta kwenye mahindi, Pangani

#1 Mnazi_Mkinda (Pangani)

Habari za jioni wakuu. Naomba jicho la wanaojua wadudu.

Nina ekari moja na nusu kando ya Mto Pangani, minazi juu, mahindi chini. Tangu masika ianze, kila alfajiri umande ukiwa haujakauka namkuta nondo mdogo amejibandika kwenye jani la mhindi. Akitulia urefu wake ni kama punje mbili za mchele zilizofuatana. Rangi yake ni ya bua kavu, ukipita haraka humwoni. Lakini jua likimpata ubavuni, ukingo wa mbawa unameta kama ametiwa utepe wa shaba. Wenzake wengine, shamba hilohilo na umbo lilelile, hawameti hata kidogo.

Nilimpeleka mmoja kwa bwana shamba wa kwetu ndani ya kibiriti. Akafungua, akafunga, akasema "bungua huyo, tia dawa". Sikuridhika. Nataka kujua ni aina gani, anaishi wapi mahindi yakishavunwa, na kama ni wa huku tangu enzi za mababu au alikuja. Na hawa wa kumeta na wasiometa, ni dume na jike au ni makabila mawili?

Picha nimejaribu, simu yangu inatoa ukungu tu kwa kitu kidogo kiasi hicho.

#2 Kombo_Chuma

Nondo za milimita 8 Tanga mjini zinauzwaje sasa?

#3 Binti_Saadani

Ndugu #2, jukwaa la ujenzi liko juu kulia. Nondo wa hapa ana mbawa na ana roho.

Mtoa mada, sina elimu ya wadudu ila nafuatilia. Bibi yangu hakuruhusu tumpige nondo aliyeingia ndani usiku, alisema analeta mgeni. Sasa huyu wa shambani analeta nini?

#4 Bua_Mkavu (bwana shamba mstaafu)

Analeta njaa, binti yangu.

Mnazi_Mkinda, mwenzangu hakukosea, ila amekukatisha tamaa ya kuuliza. Huyo ni bungua mabua, na kwa ukanda wa pwani nataja jina moja tu: *Chilo partellus*, tuliyekuwa tunamwita bungua madoa kwa sababu ya madoa meusi mgongoni mwa kiwavi wake. Nimepasua mabua ya watu kuanzia Muheza hadi Rufiji miaka 31. Ukikuta mhindi mchanga moyo umekauka na ukiuvuta unatoka mkononi, fungua chini, utamkuta.

Nondo mwenyewe hali mahindi. Anaishi siku chache, anaruka usiku, anapandana, anataga, anakufa. Mayai yake ni bapa, yamepandiana juu ya jani kama magamba ya samaki. Yanaanguliwa kwa siku nne hadi nane. Viwavi wanaanza kwenye majani machanga ya moyoni, na ndiyo vile vitundu vidogovidogo unavyoona jani likifunguka, halafu wanaingia kwenye bua.

Kuhusu kumeta: dume ni mdogo na bawa la mbele limekolea, jike ni mkubwa kidogo, amepauka, na bawa lake la nyuma ni jeupe. Dume na jike, basi.

#5 MamaGhala_Kilosa

Kwa heshima yako mzee, mbona mimi namwona ni nondo wa ghalani? Nondo mdogo, rangi ya mabua, matamvua marefu ukingoni mwa mbawa. Mwaka juzi walijaa kwenye gunia zangu za mtama, ukifungua wanaruka kama vumbi, na kila punje ina tundu moja la mviringo. Hata yeye kasema "utepe" ukingoni. Wanaanzia shambani hawa, punje ikikomaa tu wameshataga.

#6 Mwanafunzi_Mazimbu

Dada #5, hoja yako ina uzito kuliko watu watakavyodhani. Nondo wa ghalani, *Sitotroga cerealella*, kweli huanza kutaga shambani, na matamvua ya bawa lake la nyuma ni marefu kuliko hata upana wa bawa lenyewe. Lakini tunaweza kumaliza hili bila hadubini.

Mtoa mada, mwangalie mdomoni. Kuna vidole viwili vya kupapasia. Vimenyooka mbele kama mdomo wa ndege, au vimepinda kuelekea juu kama pembe? Halafu bawa la nyuma: ni pana, au ni jembamba lenye ncha iliyochongoka?

#7 Mnazi_Mkinda

Shukrani mdau. Leo alfajiri nimekamata watatu kwa glasi. Wote vidole vimenyooka mbele, virefu, ni kama ana pua. Bawa la nyuma pana, jeupe kama karatasi ya sigara. Wawili kati yao wanameta.

#8 Mwanafunzi_Mazimbu

Basi wa ghalani tumemtoa. Vidole vinavyonyooka mbele hivyo ni vya akina *Chilo* na ndugu zao.

Sasa pasua bua lenye tundu utafute kiwavi. Mgeuze tumbo juu, angalia miguu minene ya tumboni, chini ya nyayo kuna vijindoano. Vikizunguka duara kamili, uko kwa *Chilo*. Vikikaa nusu duara kama mwezi mchanga, uko kwa *Busseola* au *Sesamia*, mabungua wa ukoo mwingine. Kioo cha kukuzia cha mafundi saa kinatosha.

#9 MamaGhala_Kilosa

Nimekubali kwa huyu wa Pangani. Ila wa kwangu ni wa ghalani, hilo silirudishi.

#10 Mjomba_Kilifi

Jirani wa Pangani, bahari yetu ni moja, ngoja nikuambie nilichoshika kwa mikono.

Miaka ya 90 nilikuwa kijana wa kubeba mabua kwa watafiti waliokuwa wakifanya kazi pwani yetu, kituo cha Mtwapa. Kazi yetu ilikuwa kupasua mabua kutoka Kwale hadi Malindi. Kila kiwavi chupa yake, kipande cha bua ndani, pamba mdomoni, karatasi ya tarehe na mahali. Tunangoja nondo atoke. Waliotoka wengi sana walikuwa huyo *partellus* wa mzee #4. Lakini si wote. Kulikuwa na wachache wa aina nyingine, na wakuu wetu walikuwa wakiwapata hao wanafurahi kuliko sikukuu.

Jina lake ni refu: *Chilo orichalcociliellus*. Nilifundishwa kulitamka kwa vipande. Orichalco ni jina la kale la madini ya manjano ya jamii ya shaba. Cilia ni kope, na kwa nondo ni yale matamvua ya ukingo wa bawa. Yaani huyo mzungu aliyempa jina mwaka 1911, Embrik Strand, alimwita "mwenye matamvua ya shaba". Soma tena maneno yako ya #1 uone ulichoandika.

Huyo ndiye bungua wa pwani, mwenyeji. *Partellus* ndiye mgeni, asili yake Asia. Alionekana Malawi miaka ya 1930, kufikia miaka ya 1950 alikuwa ameshaingia Afrika Mashariki.

#11 Binti_Saadani

Nywele zimenisimama. Kwa hiyo mtoa mada alimtaja kwa jina lake bila kulijua?

#12 Bua_Mkavu

Taratibu. Jina si ushahidi. Nina jirani anaitwa Simba na anaogopa mbuzi.

Simkatalii Mjomba kwamba huyo mwenyeji yupo, vitabu vyetu vilimtaja. Ninachosema ni hiki: nondo aliyetoka kwenye pupa (lile ganda ambamo kiwavi hugeuka nondo) usiku uleule kila kitu chake kinameta, maana magamba bado yamekamilika. Wa siku ya tatu au ya nne ameshasuguana na majani, amepukutika, amefifia. Mnazi_Mkinda anawaona alfajiri. Wanaometa ni wapya, wasiometa ni wazee. Hayo ndiyo makabila yake mawili.

Na hao wataalamu wa Mjomba, nakuhakikishia hawakuamua kwa kumeta. Walikuwa wanakata kitako cha dume wanaangalia sehemu za uzazi kwenye hadubini. *Chilo* wanafanana mno.

#13 Mjomba_Kilifi

Hapo mzee umesema kweli tupu, walikuwa wanakata. Mimi mwenyewe nilijua kuwatenga kwa macho baada ya mwaka mzima, na hata hivyo nilikosea mara nyingi. Lakini nilikuwa naanza na shaba.

#14 Milima_Lushoto

Wakuu, hata huku kwetu yupo. Niko mwinuko wa karibu meta 1,400, mahindi yanatobolewa vilevile, nondo anakuja taa ya nje. Kwa hiyo si wa pwani tu, mtanue ramani yenu.

#15 Mwanafunzi_Mazimbu

Ndugu wa Lushoto, nondo wako ana rangi gani, na kiwavi wake ana madoa?

#16 Milima_Lushoto

Nondo ni wa kahawia iliyoiva, mnene. Kiwavi ana uwaridi wa mbali, mgongo msafi, madoa ya kueleweka hana. Mayai huyaoni juu ya jani, yamefichwa ndani ya ala ya jani, yamepangwa mstari.

#17 Mwanafunzi_Mazimbu

Umejijibu vizuri kuliko ambavyo ningekujibu. Huyo ni *Busseola fusca*, naye ni Mwafrika halisi, ila ni mtu wa baridi. Kwa Afrika Mashariki utamkuta zaidi nyanda za juu: kwenu Usambara, Njombe, Kitale. Huyu wa Mjomba ni wa ukanda wa chini, chini ya meta 600 hivi kutoka usawa wa bahari. Ametajwa Kenya, Tanzania, Malawi na Madagascar. Na mgeni *partellus* alianza mabondeni lakini amekuwa akipanda, sasa anakutwa hata mwinuko ambao zamani tulisema ni wa *Busseola* peke yake.

Kuna jambo moja naomba mlivumilie kwa sababu linanipendeza. Kuna kinyigu mwenyeji, *Cotesia sesamiae*, anayetaga ndani ya viwavi hawa. Wa pwani ya Mombasa ukimpa kiwavi wa *Busseola*, mayai yake yanafunikwa na chembe za damu ya kiwavi na kufa humohumo. Wa Kitale, jina hilohilo na umbo hilohilo, mayai yake yanakua bila shida. Yaani mpaka kati ya mlima na pwani haupo kwa nondo tu, umeingia hadi kwa mdudu anayemla.

#18 Milima_Lushoto

Asante mdau, ramani nimeirudisha ilipokuwa.

#19 Mpunga_Ruvu

Naona mmekimbilia mahindi wote. Mtoa mada, bondeni kwako kuna mpunga? Nauliza kwa sababu sisi tuna nondo mweupe wa mpunga, *Maliarpha separatella*, naye ni wa Afrika, mdogo, rangi ya majani makavu. Mbele ya bawa ana mstari wa wekundu wa kahawia. Kiwavi wake anakaa chini kabisa ya shina la mpunga, kwa kawaida mmoja kwa shina moja. Mchana anapumzika popote, hata kwenye mahindi ya jirani. Kumkuta juu ya jani la mhindi alfajiri hakumfanyi kuwa wa mahindi. Mimi nikilala kwa shemeji siwi mtoto wa shemeji.

#20 Mnazi_Mkinda

Mpunga upo, umbali wa kutupa jiwe mara tatu. Huo mstari wa wekundu sikuutafuta. Kuna mmoja kati ya watatu, yule asiyemeta, ukingo wake wa mbele uliiva kidogo, nikadhani ni uchafu. Nimemwachia. Nimesikitika sana kumwachia.

#21 Bua_Mkavu

Mpunga_Ruvu umeleta hoja nzuri na imenichelewesha kulala.

#22 Binti_Saadani

Naomba kurudisha swali la mwanzo. Tuseme Mjomba yuko sahihi na mwenyeji bado yupo Pangani. Kwa nini basi mzee #4 amepasua mabua miaka 31 akamwona mgeni tu? Mwenyeji alikwenda wapi?

#23 Mjomba_Kilifi

Hilo ndilo lililowafanya watu wabebe mabua, dada.

Nilivyoelezwa wakati ule: mgeni ana haraka. Wote wawili wanakula bua moja, mara nyingi unawakuta pamoja katika mmea uleule, ila mgeni anamaliza kizazi chake kwa siku chache zaidi. Halafu kuna usingizi wa kiangazi. Mahindi yakikauka, kiwavi aliyekomaa hageuki pupa, anajilaza ndani ya bua kavu miezi, anangoja mvua. Mvua zikianza, mgeni anaamka mapema. Mwenyeji anapotoka, mahindi machanga yameshatagwa. Ni kama daladala ya saa kumi na moja: aliyewahi kituoni ndiye anayekaa.

#24 Kombo_Chuma

Nilikuja kwa bei ya vyuma sasa siondoki. Swali: akifika amechelewa kila mwaka, tangu miaka ya 50, mbona hajaisha kabisa?

#25 Mwanafunzi_Mazimbu

Swali bora la uzi huu limetoka kwa mtu wa vyuma.

Walimpa kila mmoja nyasi mbalimbali ale tangu anaanguliwa. Kuna nyasi mbili za kwetu ambamo mwenyeji alikua hadi kuwa nondo, na mgeni akashindwa kumaliza. Ndiyo kusema mwenyeji ana nyumba ya pili porini ambayo mgeni hana ufunguo wake. Akisukumwa nje ya mahindi anarudi alikotoka. Kumbuka mahindi yenyewe ni mgeni wa juzi katika pwani hii, yametoka Amerika. Huyu nondo alikuwa akila kitu hapa kabla ya mhindi wa kwanza kuota.

Mimi ningeanza kutafuta kwenye *Panicum maximum*, lile nyasi refu la mafungu linaloota kivulini chini ya minazi, na kwenye mabingobingo kando ya mto.

#26 Bua_Mkavu

Kama ni nyasi, basi tumtafute mchawi mwingine pia. Nilipoanza kazi, kutoka Pangani mjini hadi Mkwaja ulikuwa unapita vichaka na nyasi za kukufika kifuani. Leo yako mashamba, viwanja, na mifugo inayotafuna hadi mzizi. Kila kiangazi mtu anawasha kiberiti. Nyumba ya pili ya nondo wenu inaungua kila mwaka. Sihitaji mgeni wa Asia kueleza kwa nini mwenyeji amepungua.

#27 Mjomba_Kilifi

Mzee, lakini mgeni alizidi hata sehemu ambazo vichaka vilikuwa bado vipo. Nilikuwa huko.

#28 Mpunga_Ruvu

Na yule nyigu wa kuletwa mbona hamumtaji? *Cotesia flavipes*, aliletwa kutoka Asia, akaachiliwa pwani ya Kenya mwaka 1993 ili amle *partellus*. Akashika, akaenea hadi huku Tanzania. Nyigu hasomi vitambulisho. Kiwavi wa *Chilo* mwenyeji naye ni nyama kwake, na anakua ndani yake vizuri. Mwenyeji aliyekuwa ameshapungukiwa akaongezewa adui.

#29 Mwanafunzi_Mazimbu

Kweli anaweza kukua ndani ya wote wawili. Lakini ukimpunguza mgeni ambaye ndiye mshindani mkubwa, mwenyeji anaweza kupata nafasi ya kupumua. Hesabu inaweza kwenda upande wowote. Mimi nisingeweka mkono wangu juu ya jibu moja.

#30 MamaGhala_Kilosa

Jamani, na kiwavijeshi vamizi? Huyu wa 2017 aliyetukausha machozi. Anakaa moyoni mwa mhindi, anakula kila kitu, hata viwavi wenzake anawala. Tangu aje, mimi hayo matundu madogo ya bungua siyaoni tena, naona majani yaliyochanwa na kinyesi kama pumba za mbao. Na watu wote sasa wanapuliza dawa moyoni mwa mhindi kila wiki, ambayo zamani hatukuifanya. Kiwavi wa nondo wenu anaanza maisha palepale moyoni. Atapona vipi?

#31 Bua_Mkavu

Dada, hapo sina la kupinga. Sisi tulikuwa tunatia kiganja cha majivu au mchanga moyoni mwa mhindi, basi. Siku hizi nasikia harufu ya dawa kabla sijaliona shamba.

#32 Milima_Lushoto

Kwetu kuna vikundi vinapanda desmodiamu, mmea wa jamii ya kunde, katikati ya mistari na mabingobingo pembeni, wanaita sukuma-vuta. Desmodiamu inamfukuza nondo kwa harufu, mabingobingo yanamwita. Akitaga kwenye mabingobingo, kiwavi akitoboa, mmea unatoa utomvu unaonata na wengi wanakufa. Ilianzia kwa watu wa ICIPE, kituo cha utafiti wa wadudu cha Kenya, upande wa Ziwa Victoria, Mbita, miaka ya 90. Kwangu imesaidia, na lile gugu la kiduha limepungua, na ng'ombe wanakula vyote viwili.

#33 Binti_Saadani

Subiri. #25 amesema tumtafute mwenyeji kwenye mabingobingo. #32 anasema mabingobingo yanaua viwavi. Yupi ni yupi?

#34 Mwanafunzi_Mazimbu

Umetushika vizuri dada. Si kila bungua anakufa na si kila aina ya mabingobingo inaua sawa. Kuna yaliyochaguliwa kwa ajili ya sukuma-vuta, na kuna yanayoota yenyewe kando ya mto. Ndiyo maana nilianza na *Panicum*. Mabingobingo niliyaongeza kwa haraka, nayapunguzia uzito.

#35 Kombo_Chuma

Mtoa mada yuko wapi? Tumemchosha?

#36 Mnazi_Mkinda

Nipo wakuu. Siku 23 nilikuwa natunza chupa.

Nilifanya kama Mjomba alivyoeleza. Nimepasua mabua yenye matundu, nikapata viwavi 22. Wote wana madoa mgongoni, na kwa kioo cha fundi saa nimeona vijindoano vya duara kamili kwa wale niliowageuza. Kila mmoja chupa yake ya maji ya kunywa, kipande cha bua kinabadilishwa kila baada ya siku mbili. Mke wangu amenivumilia, chupa zilikuwa chini ya kitanda.

Watano walikufa, bua lilioza. Wanne wakatoa mwilini vifuko vyeupe vingi vimeshikana kama pamba, na baada ya siku kadhaa vikatoka vinyigu vyeusi vidogo kuliko chawa. Wanne bado ni viwavi, hawageuki. Tisa wametoka nondo.

Kati ya tisa, wawili wanameta shaba. Mzee #12, nilikumbuka neno lako. Wote tisa niliwaona usiku waliotoka, wote wapya. Saba hawakumeta hata wakiwa na saa moja tu ya maisha.

#37 Bua_Mkavu

Umefanya kazi ambayo wengi wetu tulioajiriwa hatukuifanya. Hongera sana mwanangu.

Hoja yangu ya magamba mapya imepungua nguvu, nakiri. Lakini hao wawili ni madume? Na hao saba?

#38 Mnazi_Mkinda

Wawili wanaometa naona ni madume kwa udogo wa tumbo. Saba wamechanganyika, madume watatu, majike wanne, kama sijakosea.

#39 Bua_Mkavu

Basi dume na jike nayo imekufa, maana una madume wasiometa. Bado nataka hadubini.

#40 Mpunga_Ruvu

Kutoka bua la mahindi, madoa, duara. Hawa si wa mpunga. Ila yule uliyemwachia siku ile mwenye ukingo ulioiva, huyo sijamtoa.

#41 Mjomba_Kilifi

Jirani, usiwatupe hao wawili. Usiwatie kwenye maji wala spiriti, magamba yataharibika. Waache wakauke, mbawa zimefungwa, kila mmoja kwenye karatasi iliyokunjwa pembetatu. Juu yake andika kwa penseli: Pangani, kutoka bua la mahindi, tarehe uliyompasua, tarehe aliyotoka. Wino unafutika, penseli haifutiki. Makumbusho ya Taifa Nairobi yana kabati za wadudu, na ICIPE pale Kasarani wapo wanaojua kukata kitako cha *Chilo*. Nondo mkavu wa pwani mwenye tarehe na mahali ni kitu cha thamani, hata kama atageuka kuwa *partellus* wa kawaida.

Na wale wanne wasiogeuka usiwachoshe kwa kuwafungua. Huenda wameshalala usingizi wa kiangazi. Weka bua kavu, kivuli, ukifika wakati wa vuli wanyunyizie maji kidogo uone nani anaamka kwanza.

#42 Binti_Saadani

Yaani ile daladala ya #23 tutaiona kwenye chupa, chini ya kitanda Pangani!

#43 Mwanafunzi_Mazimbu

Kwa viwavi wanne haitakuwa jibu, ila ningelipa nauli kuja kuangalia. Mnazi_Mkinda, nyasi je?

#44 Mnazi_Mkinda

Nilitaka kungoja niwe na uhakika lakini mmenibana.

Juzi nilishuka mtoni na panga. Lile nyasi la mafungu chini ya minazi lipo kwa wingi upande ambao sijalima, baba hakutaka paguswe kwa sababu ya mzinga wa nyuki. Nilipasua mashina zaidi ya mia moja na hamsini. Mikono imechanika yote. Nimepata viwavi wawili, wembamba kuliko wa mahindi, wana madoa, duara kamili. Nimewapa mashina ya nyasi lilelile, bua la mahindi sijawapa, nataka waishi kwa chakula cha kwao.

#45 Mjomba_Kilifi

Wawili! Wafunike vizuri na sisimizi wasifike. Weka miguu ya meza kwenye makopo ya maji.

#46 Kombo_Chuma

Mtoa mada, hapo ulipowakuta usipaunguze mwaka huu. Baba yako alijua.

#47 Mnazi_Mkinda

Hapaungui. Leo asubuhi mmoja amegeuka pupa, kahawia, ametoboa kidirisha kwenye shina kabla ya kulala. Wa pili bado anakula.